Kopo Lililofichwa Mbele ya Watu Wote

Siku ya tatu ya likizo yake kwangu mtaani Kabondo, mjukuu wangu alikula nusu ya lituma, ndizi nilizompikia na kumtwangia, akasukuma sahani na kusema kwa Kiswahili chake cha Kinshasa: "Koko, huku kwenu hakuna kitu. Vacances ingine sitakuya."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe ninalo, na hasira zangu ziko karibu, lakini mtoto ana miaka tisa na sina mjukuu mwingine, kwa hiyo nilizimeza. Koko ni mimi, bibi yake, na kusikia kwamba likizo nyingine hatakuja kuliniuma sana. Mama yake, binti yangu, alimfuata mume Kinshasa, na ninajua jinsi watu wanavyopotea. Hawagombani nawe, wanaacha tu kuja. Mtoto akikataa mwaka huu, mwaka kesho mama naye atapata sababu.

Binti yangu, aliyekuja na mtoto, ndiye aliyeleta dawa. Kuna mchezo, alisema, watu wanaficha makopo sehemu mbalimbali duniani, wanaandika mahali hapo kwenye simu, na watu wasiowajua wanakuja kuyatafuta kwa kufuata mshale kwenye kioo. Ukilipata kopo unachukua kitu kidogo kilichomo, unaweka chako, unaliacha palepale. Tungeficha letu kando ya mto, kisha twende na mtoto kulitafuta. Kazi ya kuficha nilipewa mimi, pamoja na simu na sharti moja: mtu yeyote asinione.

Sasa nawauliza wenye akili. Nimezaliwa mji huu, nimezeekea humu. Nitashukaje mtoni na kopo la maziwa ya unga kwapani, nipite mbele ya akina mama wanaokausha samaki, nisiwasalimie? Ukisalimia utaulizwa unakwenda wapi. Ukinyamaza watadhani una msiba, au mbaya zaidi, kwamba binti kutoka Kinshasa amekuletea maringo. Nikaeleza. Nilimweleza mama wa samaki, nikamweleza papa, yule mzee mwenye pirogi, mtumbwi wake wa kuvulia, naye akaniambia mahali nilipopachagua ni pabaya, akanionyesha shimo zuri zaidi katikati ya mawe. Niliweka kopo humo, ndani yake pipi, kalamu, na kifungo cha koti la marehemu mume wangu. Nikabonyeza simu kama nilivyofundishwa, na wakati wa kuondoka nikawaomba wote wanitazamie kopo. Kwetu kitu kikiachwa ukingoni, aliyepo ndiye mlinzi wake.

Kesho yake asubuhi tulishuka watatu. Mjukuu alitangulia na simu, uso umekunjwa kama polisi wa barabarani. Kila tuliyempita alikuwa anatabasamu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua alituambia bila kuulizwa kwamba bado, ni mbele kidogo. Binti yangu akanitazama. Mimi nikatazama mto.

Mshale ukasema tumefika. Mawe hayakuonekana, maji yalikuwa yamepanda tangu jana jioni na shimo zuri la papa lilikuwa chini kabisa. Mtoto alizima kioo cha simu, na hilo lilinichoma kuliko maneno ya mezani. Niliona mwaka kesho ukienda na maji.

Mama wa samaki akaja akijifuta mikono. "Maji ilipanda, bon, nikaitosha mu shimo, nikaibeba. Naweza kuacha kitu ya mwenzangu izame? Iko kwa shemeji yangu, mwenye cherehani."

Tukaenda kwa shemeji. Alitupa viti, akatupa karanga, akauliza habari za Kinshasa yote, na karanga zilipoisha ndipo akasema kopo halipo. Paa lake linavuja na mvua ilitishia, kwa hiyo alilipeleka kwa papa wa pirogi mwenye mabati mapya. Njia ilikuwa ndefu, tukapanda toleka, baiskeli za kukodi, kila mtu nyuma ya dereva wake. Simu ilikuwa imekwisha chaji na hakuna aliyeiulizia. Tulipofika, mjukuu alikuwa wa kwanza kushuka, na yeye ndiye aliyepiga hodi.

Papa alitoka na kopo kwa mikono miwili. Kwanza aliulaumu mto, ambao kwa maneno yake haujawahi kumdanganya hivyo. Kisha akafungua. Nilikuwa nimewaeleza wote ile sheria ya kuchukua na kuweka, lakini nani atachukua kitu cha mtu? Walikuwa wameweka tu. Mlikuwa na uzi mwekundu, karanga, ndoana, na samaki mkavu mzima aliyekunjwa mkia ili atoshe. Mjukuu alionja pipi, ikawa na ladha ya moshi na samaki, akacheka mpaka akakaa chini. Nilifurahi hata nikamsamehe papa. Mtoto alichukua kifungo cha babu yake, akafungua ushanga kwenye nywele zake na kuuweka mahali pake.

Siku moja kabla ya safari alidai kulificha kopo mwenyewe. Mama yake asimame mbali, na mimi nibaki nyumbani, kwa sababu mimi, alisema, siwezi kutunza siri. Alirudi, akaomba maji ya kuoga.

Maji hayajachemka, mama wa samaki akabisha hodi uani. Alikuja kunisifia mtoto, kwamba amemsalimia kila mtu ukingoni, hakumruka hata mmoja, na akamweleza kila mmoja alichobeba.

"Iko chini ya pirogi ya zamani ya papa, ile inalala kifudifudi," alisema. "Alikataza tukuambie, donc sikukuambia. Anasema tuichunge mpaka vacances ingine."

Mjukuu alitoa kichwa mlangoni, akauliza nani amekuja. Nikamwambia ni jirani tu, amekuja kuomba chumvi.