Karanga ya shemeji Paluku

Mucheke tu, mimi nimeishacheka na nimeishalia.

Ninauzishaka karanga mbele ya kanisa hapa Butembo, ninazifunga mu makaratasi ya makaye ya zamani ya banafunzi. Kaye moja ya vile nilijichungia, ninaandikamo maneno ya moyo, juu siko na mutu wa kuambia. Niliandika wazi: Paluku, mudogo wa bwana yangu, alipanda pikipiki pale Mbau, akakimbia masasi, akatuacha barabarani. Bwana alikuwa mugonjwa, akafia pale. Na leo ninalala mu nyumba ya huyo Paluku, nitamusemea wapi?

Siku ya Mungu, kichwa yangu nywele tu, akili hapana, nikapasua kaye yangu mahali ya ile ingine, nikafungiamo karanga. Wa kwanza kununua, Paluku na bibi yake.

«Shemeji, na matabishi?»

Nikamuongezea. Akamwanga karanga yote mu mukono, bibi yake akakamata karatasi.

«Masika, si ni mwandiko yako?»

«Hapana, ya mwanafunzi fulani.»

Akasoma polepole mpaka mwisho, kisha akamuangalia bwana yake anatafuna.

«Lakini Paluku, ulinielezaka pikipiki iliharibika.»