Koti la Sufu Kutoka Muhumba

Koti lile nililinunua Kadutu, kwa mama mmoja ambaye mume wake alikuwa mpishi wa wazungu kule Muhumba. Madamu wake akichoka na nguo, alimpatia mpishi, na mke wa mpishi aliitandika kwenye mkeka wake kando ya barabara. Lilikuwa la sufu, rangi ya majivu, zito, refu hata lingenifikia kwenye vifundo vya miguu. Mkono mmoja ulikuwa umeungua kwa pasi. Nililipa bei ya kuku wawili. Kwa pesa ile, dukani nisingepata hata kikwembe kimoja kipya cha kujifunga.

Mume wangu alikuwa karani mjini. Aliponiona nimelibeba alicheka.

"Mama, unaenda kuishi Ulaya?"

"Ngoja, utaona."

Wakati ule wake wa makarani tulikuwa tunaenda fuaye, nyumba ambamo mwanamke mmoja Mbelgiji ambaye hakuwa ameolewa alitufundisha kazi za nyumbani. Tulimwita Mamzele. Alitufundisha kushona gauni moja tu, pana kama gunia, lenye kola ya mviringo, wanene na wembamba sawasawa. Mimi nilitoka kwetu Mwenga nikijua sindano ya mkono. Kutumia mashini ya kushonea alinifundisha yeye, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Lakini sikuzaliwa niwe gunia.

Nilifumua koti lote kwa wembe, mshono kwa mshono. Nilipogeuza kitambaa nikakuta upande wa ndani bado mpya, haujaona jua. Basi wa ndani nikauweka nje. Mikono niliikata kwenye kiwiko, palipoungua pakaenda na takataka. Sehemu ya chini ikatoa sketi, ya juu ikatoa jaketi iliyobana kiunoni. Vifungo vya pembe, vikubwa na vyeusi, nilivirudisha vyote.

Nguo ile nikaipeleka fuaye, maana maonyesho ya kazi zetu yalikuwa karibu. Mamzele aliishika kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Nguo nilishona, Mamzele."

"Hii haiko nguo ya bibi ya karani. Hii ni ya wanamuke wa kutembea na wanaume. Siku ya maonyesho utavaa gauni kama wenzako."

Wenzangu waliinamia mashini zao.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Alikuwa ameomba ile kadi waliyopewa weusi walioonekana wamestaarabika, na wazungu walikuwa wamekwisha kuja kwetu kutazama shuka, vijiko na choo.

"Ukivaa ile nguo, kadi nitaikosa."

"Na nikivaa gunia, utaipata?"

Asubuhi ya maonyesho niliamka nikamkuta amewasha makaa ya pasi. Alikuwa akiinyoosha yeye mwenyewe sketi yangu, amekunja uso, bila kuniangalia.

Madamu wa Muhumba walikuwa wamealikwa, wamekaa kwenye viti vya mbele. Sisi tuliingia mmoja mmoja. Gauni, gauni, gauni. Nilipoingia mimi, Mamzele alibadilika rangi akawa kama nyanya. Kabla hajasema neno, mmoja wa wale madamu aliinuka, akanijia, akashika kifungo cha jaketi yangu.

"Hii koti iko yangu! Mpishi yangu aliiba?"

Neno lile lingetosha kumfunga mtu gerezani.

"Hapana, Madamu. Ulimupatia wewe mwenyewe, sababu mukono uliungua na pasi. Mimi nilinunua kwa bibi yake. Ilikuwa yako. Sasa iko yangu."

Alinizunguka, akitafuta palipoungua, asipaone. Akafunua pindo la sketi, akatazama mshono wa ndani, akatikisa kichwa.

"Ni kweli, nilimupatia," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo: "Niuzishie."

"Haiko ya kuuzisha, Madamu."

Nikamaliza kutembea mpaka mwisho wa chumba, polepole, kwa sababu sketi ilibana na kwa sababu nilitaka.

Siku hiyohiyo Mamzele aliniambia nisirudi tena. Kazini mkubwa wa mume wangu alimwita.

"Bibi yako anajiona muzungu?"

"Hapana, Bwana," mume wangu akajibu. "Muzungu alishindwa na ile koti. Bibi yangu aliiponyesha."

Kadi haikuja. Nisidanganye, alinikasirikia wiki nyingi. Alikula na kulala bila kunisemesha. Lakini hakuniambia hata mara moja niivue.

Wanawake wa Kadutu walianza kunijia na mafurushi: suruali za wanaume, mapazia, makoti ya mvua. Nilinunua mashini ya mkono iliyochakaa kwa fundi aliyekuwa anarudi kwao Kamanyola, nikashona mlangoni pangu. Siku ya Pasaka tulishuka kwenda misa, sita tumeongozana, kila mmoja kwa nguo niliyomshonea, kiuno chake kikionekana. Njiani tukakutana na Mamzele. Alisimama katikati ya njia, kama anayengoja tumpishe.

"Pasaka njema, Mamzele," tukasema, na tukapita, watatu kulia kwake, watatu kushoto.