Folda ya nyumba kubwa ilivyokataa kukaa juu

Wakuu, hamjambo huko. Nawapa hii vile ilikuwa. Chumvi siongezi, hata daktari alinikataza.

Tulikuwa wanne kwa sebule yangu Kiganjo. Mimi Wambui, bibi wa kwanza wa marehemu Gathogo. Njeri, mke mwenzangu. Kariuki, kifungua mimba wangu. Na Muthoni, binti ya Kariuki, mjukuu anayeniita cucu, anasomea kompyuta.

Mazishi ni kesho. Eulogy, ile historia ya marehemu ya kusomwa kanisani, iko kwa laptop ya Muthoni, na cyber ya kuprint inafungwa saa kumi.

Muthoni anaandikia kwa ile programu nyeusi ya code. Kushoto mafolda yamepangana kama vitanda vya bweni, moja ya marehemu na moja ya kila mke na watu wake, na vile yamepangana ndivyo itaprintiwa na kusomwa. Unabonyeza jina, linafunguka, mafaili yanatokea ndani.

Nikavaa miwani. Gathogo. Njeri. Wambui.

"Muthoni, niko chini ya Njeri tangu lini?"

"Cucu, kompyuta inafuata alphabet. N inatangulia W."

"Hiyo N ilikuwa wapi nikichinjiwa mbuzi ya ngurario, siku ya kuolewa kwangu?"

Wakuu, kwetu nyumba kubwa, ya bibi wa kwanza, husomwa kwanza. Ikitangulia ndogo, watu wa kwetu nilikozaliwa, Kianyaga, wanaondoka kabla jeneza lishushwe kaburini. Nikasema hakuna kuprint.

Muthoni akabadilisha folda yangu ikawa A Wambui. Nikapanda, nikampita hata marehemu.

Njeri akacheka. "Kumbe wewe ndio unazikwa?"

Halafu naye akataka A. "Ama mimi ni mpangaji?"

Akapewa. A Njeri. Akarudi juu yangu!

Kariuki akasema tuweke namba. Njeri akamwambia yeye si ng'ombe wa mnada, haitwi mbili.

Saa tisa imepita. Kariuki akachoka. "Fungua ya baba, tuprint hiyo kwanza."

Muthoni akabonyeza Gathogo.

Ndani hakuna kitu.

Tulikuwa tumeandika watoto, wajukuu, wakwe, hata ng'ombe Nyakairu. Mwenye mazishi, hata mstari mmoja hana.

Njeri ndiye alianza, pole pole: "Andika alikuwa anapiga mluzi akikama."

"Andika mimi nilimkataza," nikasema.

"Kwangu alikuwa anapiga."

Hiyo sikuijua, wakuu.

Tukaendelea hivyo, huyu akiweka, huyu akitoa, mpaka saa ikaisha. Ikaprintiwa folda ya Gathogo peke yake. Kanisani hakuna nyumba ilitangulia nyingine, na watu wa Kianyaga walikaa mpaka chai.

Funzo langu: kabla ugombanie kukaa juu, fungua uone kama ndani kuna kitu.

Kama ulikuwa kwa hayo mazishi na nimekosea jina ya mtu, nirekebishe hapa chini. Ya ng'ombe sijakosea.