Gurudumu la Baba na Majivu ya Bibi

Juzi nilipita Bariadi mjini nikakuta watu wameizunguka mashine ya kupandia pamba aliyoibuni dada yangu. Siku hizi mkoa mzima unamjua. Wengi hudhani alianzia chuoni. Mimi nilikuwepo, rafiki yangu, ngoja nikusimulie.

Nyumbani kwetu Ngulyati tulipanda kwa kamba yenye mafundo. Wawili wanavuta kamba, mmoja anachimba kila penye fundo, mwingine anadondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Jioni migongo iliuma hadi ugali wa mtama na mlenda tukaula tumejiegemeza ubavu. Mwaka ule mama alikuwa mjamzito, hawezi kuinama. Dada, aliyekuwa amemaliza darasa la saba, akafungua gurudumu la mbele la baiskeli ya baba bila ruhusa, akalifungia mpini wa kusukumia na debe lenye tundu la kudondoshea mbegu.

Baba aliporudi kutoka malishoni hakupiga kelele. "Udongo una maji leo, kesho sijui. Nakupa siku hii moja. Ikishindikana, spana zangu usiziguse tena maishani."

Dada akasukuma mstari mzima. Hakuna mbegu iliyotoka. Mbegu ya pamba ina manyoya, zilikuwa zimeshikana ndani ya debe.

Jirani akapaza sauti kutoka shambani kwake: "We binti, unapanda au unatembeza debe?"

"Natembeza, jirani! Likichoka litapanda."

Alijibu hivyo, lakini machozi yalikuwa yanamlenga.

Bibi aliacha choroko alizokuwa akipepeta, akaingia jikoni, akatoka na majivu na maji kidogo. Akazisugua mbegu viganjani hadi manyoya yakalala, kila moja ikawa peke yake. "Mama yangu alizifanya hivi," alisema. "Ninyi hamuulizi, ng'wana wane, mwanangu."

Dada akazirudisha debeni, akasukuma tena, zikaanza kudondoka mojamoja. Baba alifuata nyuma akifukua udongo kwa kidole cha mguu, akihakikisha. Mwisho wa shamba alisema tu, "Mstari umepinda."

Sasa mbegu huja laini kutoka kiwandani, na wanangu hawaamini kwamba ziliwahi kuwa na manyoya. Bibi hayupo, baba hayupo. Gurudumu hakulidai. Msimu ule wote alikwenda gulioni kwa miguu, na watu walipomuuliza baiskeli iko wapi, aliwajibu bila kusimama: "Iko shambani, inapanda."