Jina Chini ya Platinamu

"Mjomba, na hapa jina lako utaliandika wapi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu, siku aliyotuletea nyumbani kipande cha chuma chenye matundu kama wavu, akasema hiyo ndiyo kazi yake mpya. Mjomba Vedachalam alikuwa mchoraji wa mabango ya sinema. Mashujaa wake walifika urefu wa ghorofa mbili, na chini, karibu na kiatu cha shujaa, jina lake halikukosekana, jekundu, mkia wake umepinda. Alikirudisha chuma mfukoni, akaomba kahawa.

Mabango ya plastiki yalikuwa yamemmaliza. Mashine ilichapa asubuhi moja kazi yake ya wiki nzima. Mahali pekee palipotaka mkono wa brashi palikuwa karakana moja ndogo huku Kalpakkam, inayotengeneza elektrodi, yaani vyuma vya kupitishia umeme ndani ya asidi. Katika asidi hiyo ndimo nondo za fueli ya nyuklia zilizokwisha kutumika huyeyushwa, ili urani iliyobaki ipatikane tena. Asidi yenyewe ina njaa, inatafuna karibu kila kitu. Ndiyo maana titaniamu ya vyuma hivyo hupakwa dawa ya platinamu, ikaokwa, ikapakwa tena, ikaokwa tena.

Vedachalam alianza kama alivyozoea, brashi imejaa, mkono unaruka.

"Kaka, unamchora shujaa masharubu?" Irudayaraj, mtu wa tanuri, akamtania.

"Wewe choma vyuma vyako. Kitu kikipakwa, kionekane!"

Kilionekana kweli. Kilitoka tanurini na nyufa kama tope la bwawa lililokauka, na kilipowekwa kwenye asidi ya majaribio, magamba yakabanduka yakalala chini ya chombo.

Bi Poonguzhali, mwenye karakana, hakupaza sauti. "Kaka Veda, nilikwambia, tabaka nene linapasuka. Watu wa kiwanda cha nyuklia wanakuja kuangalia jaribio. Likibanduka mbele yao kazi wanampa mwingine, na mimi sitakuwa na pa kukuweka."

"Sasa nipake nyembamba kiasi gani?"

"Kiasi cha kukuudhi."

Alijaribu, mkono ukakataa. Miaka yote ulifundishwa kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Akatoka kwenda kunywa chai kwenye kibanda cha jirani, na alipoinua macho, paa la kibanda lilikuwa bango lake mwenyewe la zamani, limegeuzwa turubai. Mvua na jua vilikuwa vimelibambua rangi. Masharubu ya shujaa, aliyoyapaka mazito kwa kujivunia, hayakuwapo tena. Lakini shavu la binti aliye kando yake lilikuwa palepale, laini, bado lina haya.

Shavu alilichora kwa brashi aliyoifuta kitambaani mpaka ikakaribia kukauka. Utando juu ya utando.

Chai aliiacha mezani.

"Kaka, leo masharubu ya nani?" Irudayaraj akauliza.

"Leo hakuna masharubu. Leo shavu. Washa tanuri, na usinisemeshe."

Wageni walikuja, sahani za titaniamu alizozipaka zikatiwa kwenye asidi ya moto, umeme ukawashwa. Siku zikapita, chombo kikichunguliwa na kila mtu, hata mfagizi. Jaribio lilipokwisha asidi ilikuwa safi, chini hamna gamba hata moja. Mkubwa wa wageni akaitazama sahani, akaigeuza, akasema tu, "Tutengenezeeni zote."

Irudayaraj alipiga mluzi kama yuko sinema siku ya onyesho la kwanza, akanyakua birika la maziwa aimwagie sahani, kama mashabiki wanavyolimwagia maziwa bango la shujaa wao.

"Thubutu!" Bi Poonguzhali akapiga kelele. "Mmwagie huyo aliyepaka!"

Wakammwagia. Alirudi nyumbani ananuka maziwa, anaimba.

Mwaka huu niko darasa la kumi. Juzi kiwandani walizikagua zile sahani za kwanza. Ni nzima, zinarudishwa kazini. Mjomba alikuja na boksi la jangiri, vitamutamu vya kukaangwa, shira inamchuruzika vidoleni, nami nikamuuliza tena swali langu la zamani.

Alichungulia mlangoni kwanza, kama Bi Poonguzhali yupo nje.

"Nilishaliandika. Tabaka la kwanza kabisa, kwa dawa ileile, kwenye pembe ya chini, pale ambapo kingekuwa kiatu cha shujaa. Kisha nikalifunika. Lingekuwa nene, mwanangu, lingeshabanduka na ungekuwa umesikia habari zake."