Kikohozi cha Bwana Gunzi

Sisi tuliokulia vilimani kusini mwa Mbeya miaka ya hamsini tulikuwa na televisheni kabla nchi haijawa nayo. Vijana wa leo, wanaonuna umeme ukikatika, hawataamini. Mwalimu alitusimulia kwamba Ulaya kuna sanduku linaloonyesha watu, na humo ndani kikaragosi huwakaribisha waimbaji. Basi tukatoboa sanduku la majani ya chai, tukaliweka uani kwetu, na Jumamosi mchana Bwana Gunzi, kichwa cha gunzi na koti la kitambaa, akakaribisha ngoma za makopo na kwaya ya dada zangu. Majirani walikaa chini wakitafuna mahindi ya kuchoma. Sauti ya Bwana Gunzi ilikuwa yangu.

Kwetu Wanyakyusa, mke hakutani na baba wa mumewe. Kwa hiyo babu alikuwa akikohoa mara tatu akiwa bado mbali, ili mama apate kujificha. Jumamosi ile nilimwona mama akija na chungu cha togwa. Nikamkohoza Bwana Gunzi mara tatu, sauti ya babu kabisa.

Mama alitupa chungu, akajifunika kanga usoni, akatumbukia migombani.

“Rudi, Mama Ambokile!” wanawake walimwita huku wakicheka. “Umemkimbia gunzi!”

Nilicheka kuliko wote.

Jumamosi iliyofuata mama alikaa mbele, mgongo wima. Kwaya ikiwa katikati ya wimbo, kikohozi kikasikika nyuma ya nyumba. Mara tatu.

“Leo simkimbii gunzi,” alisema mama, akabaki pale pale.

Babu akatokea konani. Wakatazamana uso kwa uso.

Hakuna aliyecheka. Babu aligeuka akaondoka. Mama alifunika kwa mikono uso uliokwisha kuonwa. Kipindi chetu kilikufa siku hiyo. Kesho yake mama alitembea hadi kwao kumwomba baba yake ng'ombe wa kuifuta aibu ambayo haikuwa yake. Kabla ya kuondoka aliniambia, “Ambokile, afadhali ungenitukana.” Nilijifanya nafukuza kuku.

Siku hizi mke wa mwanangu hunikuta sebuleni akaniambia, “Baba, sogea tuangalie muziki.” Nasogea. Ni raha, sikatai. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu heshima ya mila zetu, na watu wamenipigia makofi. Mama alifariki nina shahada mbili, na sikuwa nimepata maneno ya kumwomba radhi.