Mfongo si Mtaro

Taarifa ya mazingira ya kampuni yetu ya kahawa huiandika mimi, na nina hasira za karibu, ofisi nzima hapa Moshi inalijua hilo. Mwaka ule niliandika wazi kwamba maji machafu ya kumenyea kahawa kiwandani kwetu yanaingia kwenye mfongo kule Uru. Rasimu ikaenda kwa mwenyekiti wa bodi, mtu wa Dar es Salaam, mpole, mpenda Kiswahili fasaha. Ikarudi "mfongo" umefutwa, pameandikwa "mtaro". Mfongo ni Kichagga, akaniambia kwenye simu, wasomaji watashangaa.

Damu ilinichemka. Mtaro ni wa kupitisha uchafu, nani atakulaumu ukiumwagia uchafu? Mfongo ni mfereji waliouchimba babu zetu kushusha maji ya mlimani hadi vihambani, kwenye migomba na nyumba zetu, na mama yangu, anayeishi chini ya kiwanda, anayanywa maji hayo mpaka leo. Neno lingebaki mtaro, bodi isingeona haja ya kuchimba mashimo ya kuchujia uchafu huo, na msimu wa kahawa ulikuwa unabisha hodi. Lakini bodi ni bodi. Nikaufyata.

Kwenye kikao, mjumbe anayewawakilisha wakulima, mama mmoja wa Uru, alivaa miwani, akasoma, akaanza kucheka.

"Mwenyekiti, huu mtaro uko wapi? Mimi kwetu siujui."

"Ule unaopita chini ya kiwanda, mama."

"Ule ni mfongo, baba. Asiyekuja kuusafisha tunamtoza pombe ya mbege. Ndiyo maji tunayopikia. Hata ile chai uliyokunywa kwangu, ukaomba uongezewe."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. "Nilikuja msimu wa kahawa."

"Ndiyo, ulikuwa msimu. Tuliyachemsha sana."

Chumba kizima kikaangalia meza. Mimi nilijiuma midomo nisicheke. Mwenyekiti akanigeukia, uso umempauka, akasema nirudishe neno lilivyokuwa, tena niongeze kwamba watu wanayanywa. Mashimo yakapitishwa siku hiyohiyo, hakuna aliyebisha.

Yalikuwa tayari kabla kahawa haijaiva. Mashine zilipoanza kumenya, nilipanda kwa mama yangu. Misimu yote ya nyuma alikuwa akiteka maji amejiziba pua kwa khanga. Safari hii nilimkuta ameinama mfongoni, uso wazi, anaimba wimbo wa kanisani. Nilifurahi hadi nikampokea ndoo bila hata kumpa shikamoo.